Fundi Viatu na Zaburi ya Mia na Thelathini na Sita

Zamani fundi mmoja wa viatu alikuwa na ulimi mkali. Mteja akilalamika kwamba soli imebanduka, aliambiwa ajaribu kutembelea mikono. Mkewe alivumilia mpaka siku moja akamwambia, "Baba watoto, viatu vya watu unavishona vizuri, lakini roho zao unazichana."

Maneno yale yalimwingia. Asubuhi iliyofuata alishusha Biblia waliyopewa siku ya harusi, iliyokaa juu ya kabati miaka saba, akaifuta vumbi na kusoma sura ya kwanza kwa sauti kabla ya kwenda kibandani. Kesho yake akasoma ya pili.

Hakubadilika mara moja. Siku nyingine alifunga kitabu akiwa bado amenuna. Lakini mwaka wa pili mkewe aligundua kwamba mumewe akichokozwa hunyamaza kwanza, midomo ikicheza, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali. Mteja mmoja aliyemkimbia akarudi na jozi tatu kwa mpigo.

Jirani yake wa kibandani, fundi cherehani mwenye maneno mengi, alizoea kumtania. "Hiyo Biblia huimalizi tu? Mimi gazeti dakika kumi limekwisha."

"Nimeimaliza mara tano," alijibu fundi viatu. "Yenyewe ndiyo haijanimaliza mimi."

Mwaka wa kumi na nane, siku aliyosoma Zaburi ya tisini na tano, akiwa kibandani, kisu cha ngozi kilimponyoka na yeye mwenyewe akadondoka kando ya kiti chake. Fundi cherehani alimbeba mpaka kwenye teksi, na teksi ikawafikisha hospitali. Kilikuwa kiharusi.

Alipozinduka, upande wote wa kulia ulikuwa umelegea, na katika maneno yake yote lilibaki moja: hapana. Akiulizwa kama anataka maji alisema hapana, huku mkono wa kushoto ukinyooshwa kupokea kikombe. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, alitoka hadi kwenye korido akalia. Daktari hakuwaficha: maneno yangeweza kurudi, na yangeweza yasirudi.

Miaka yote hiyo mkewe alikuwa msikilizaji tu. Mume akisoma, yeye alipiga pasi. Siku ya pili alifika wodini na Biblia chini ya kwapa.

"Jana tulisoma ya tisini na tano," alisema. "Leo ni ya tisini na sita."

"Hapana." Fundi aligeukia ukuta.

"Nimesikia, baba watoto. Lakini hujawahi kuruka siku, na hutaanza leo."

Akasoma. Alisoma kesho yake, na siku zote zilizofuata. Ilipofika zamu ya ile zaburi ndefu kuliko zote, sauti ilimkauka katikati, na mgonjwa wa kitanda cha pili akampa maji yake ili aendelee. "Nilianza kwa ajili ya baba yako," alimwambia binti yake. "Sasa nisiposoma, mimi ndiye ninayeona njaa."

Siku ya arobaini na mbili walikuwa wameruhusiwa kurudi nyumbani. Zamu ilikuwa ya Zaburi ya mia na thelathini na sita, ambayo kila mstari wake unaishia kwenye kiitikio kilekile: kwa maana fadhili zake ni za milele. Mama alisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne alitua kumeza mate kabla ya neno la mwisho.

"Milele," ilisema sauti kutoka kitandani.

Mama hakuinua macho, kwa kuogopa kulitisha lile neno. Alisoma mstari wa tano, akaacha mwisho wake wazi makusudi.

"Milele," alisema fundi, safari hii kwa nguvu.

Wakaenda hivyo mpaka mstari wa ishirini na sita. Alilisema mara ishirini na tatu, machozi yakimtiririka mpaka shingoni. Fundi cherehani, aliyekuja kumjulia hali, alisimama mlangoni na kofia mkononi.

Baada ya hapo maneno yalirudi moja moja, na mengi yalitokea kwenye kurasa walizokuwa wakisoma. Lilikuja mkate, likaja nuru. Likaja mwanangu, na siku hiyo binti alichelewa kazini kwa sababu hakutaka kuuachia mkono wa baba yake.

Mwaka na nusu baadaye alimwomba mchungaji nafasi ya kusoma somo la Jumapili. Alipanda mimbarini kwa mkongojo, akasoma sura nzima, neno baada ya neno, kwa dakika kumi na moja. Alipomaliza, kanisa zima lilisimama kwa makofi na vigelegele, mkewe akipiga kuliko wote.

Fundi aliinua mkono wa kushoto kuwatuliza.

"Bado," alisema taratibu, akitabasamu. "Kesho... kuna... sura nyingine."