Maji ya Bomba la Baba

Maabarani wanamwita Mama Matone kwa jinsi anavyohesabu kila kitu. Kazi yake ni kunasa madini mabaya katika maji wanayokunywa watu. Anayadondoshea kimiminika kizito cha chumvi tupu, chumvi ya ajabu isiyohitaji maji ili iyeyuke, anatikisa, anazungusha kwenye mashine, na kitone kinazama kikiwa kimebeba madini yote ya risasi yaliyokuwamo. Kisha anakipima. Ni kazi ya subira na yeye subira hana. Miguu haimtulii chini ya meza.

Wiki ile yalitakiwa maji mazuri ya kulinganishia na ya mtoni. "Nitaleta ya kwetu," alijigamba. Mabomba ya kwao aliyafunga baba yake, ambaye kastaafu zamani lakini mtaa mzima bado unamwita Fundi. Alfajiri, kabla mtu hajafungua bomba la jikoni, alikinga chupa moja.

Ya mtoni yakatoka salama. Ya kwao yalikuwa na risasi mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa.

Aliosha vyombo kwa tindikali, akarudia. Yale yale. Akashuku kimiminika, akashuku mashine, akamshuku hata mfagizi wa watu asiye na hatia. Mchana alikimbia nyumbani, akayaacha maji yatiririke dakika tano ndipo akakinga. Hayo yakawa safi kabisa, na hapo ndipo hofu ilipomwingia sawasawa. Risasi ilitoka kwenye maungio ya mabomba, ambamo maji hulala usiku kucha.

Jioni alimkuta baba yake jikoni akimnywesha mjukuu. Akampokonya mtoto bilauri.

"Vipi, mama, hata salamu?"

"Shikamoo baba. Maji yana risasi."

"Marahaba. Kapigwa nani?" Mzee akaangua kicheko.

Alicheka peke yake. Akaitazama bilauri mkononi mwa bintiye, akalitazama bomba, na kicheko kikamwisha.

"Ile lehemu niliyokuwa naungia mabomba," alisema.

"Siku hizo lehemu zote zilikuwa na risasi, baba. Hamkujua."

"Usinibembeleze. Wewe umeyanywa miaka mingapi?"

Alitamani kudanganya. "Umri wangu wote."

Mzee aliingia chumbani, akatoka na mfuko wa spana ambao hakuugusa tangu astaafu. Akalipita bomba, akaelekea mlango wa nje.

"Baba, bomba liko huku."

"Najua liko wapi. Nyie mmeshajua, hamtayanywa tena. Jirani hajui, na kwake nililehemu mimi."

Alivuka njia, bintiye nyuma yake na mtoto mgongoni. Mbele ya mlango wa jirani alisimama kitambo, akihamisha mfuko mkono huu na huu.

"Hodi," alisema, kwa sauti ndogo ambayo bintiye hakuwahi kuisikia kwake.

"Fundi huyo!" wakaitikia ndani. "Karibu, karibu. Pita unywe hata maji."