Kinyozi Aliyelogwa kwa Hiari

Kinyozi wetu alikuwa na ulimi mkali kuliko wembe wake. Kwa hiyo asubuhi alipoamka mdomo umekwenda upande, jicho la kushoto limegoma kufumba na chai inamchuruzika kidevuni, sisi wapangaji wenzake hatukuhitaji daktari. Jana yake tu aligombania kamba ya nguo na Mama Pasi, dobi wa chumba cha mwisho, na mama yule akamwambia, "Mdomo wako huo utakuja kukuponza." Ushahidi gani tena mnautaka?

Zahanati alikwenda kutimiza wajibu tu. Daktari akamweleza kwamba mshipa wa fahamu wa uso umepooza, akampima damu, akamkuta na virusi vya ukimwi. Virusi hivyo, akasema, wakati mwingine huleta hali hiyo. Dawa zipo, na uso huenda ukarudi baada ya wiki kadhaa. Kinyozi akaficha vidonge kwenye kopo la poda, akaja kutuambia hawakuona kitu. Kulogwa, bwana, ni ugonjwa wa heshima. Wageni wanakuja na matunda, na hakuna anayekuuliza ulilala wapi.

Jumapili tukaitisha kikao uani. Mwenye nyumba akaamua Mama Pasi ahame siku hiyo hiyo. Mama wa watu akaanza kukunja nguo za wateja, nyingine bado mbichi. Alitia huruma, lakini huruma haikuwa kwenye ajenda.

Kinyozi akasimama, ameshika shavu ili maneno yasimwagike.

"Mwacheni mama. Hajaniloga. Nina virusi vya ukimwi, nimepimwa."

Mwenye nyumba akasogeza kiti nyuma. Mzee wa chumba cha mbele, aliyenyolewa asubuhi ile, akajipapasa kisogo.

"Kijana, una hakika hukulogwa?" akauliza kwa upole. "Fikiria vizuri."

Tukakumbuka kila mtu ana shughuli zake, na uani wakabaki wawili.

"Nisamehe, mama," Kinyozi akasema, nusu ya maneno yakipotelea shavuni.

Mama Pasi akaitua pasi yake mezani.

"Radhi ya nusu mdomo sipokei. Meza dawa zako uso upone, kisha uje uniombe mbele ya hawa hawa. Mimi sihami. Nitakungoja."