Shairi la Nestori na Mkono wa Jirani

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu wa Programu alinikabidhi katoni ya mashairi ya wasikilizaji pamoja na kalamu nyekundu, halafu akaninyang'anya ile kalamu kabla sijaifungua. Redio yetu ilikuwa ndogo, imepanga nyumba ya kawaida kule Kilibula, na mashairi yalisomwa kila Jumapili baada ya misa. Cheo changu kilikuwa msahihishaji. Nilikuwa nimetoka kufundisha sekondari, nikaona kazi yenyewe ni ileile, ila wanafunzi hawaonekani.

"Weye ulikuwa mwalimu, siyo?" Shefu aliniuliza. "Hapa hatutoe pointi. Unasoma, kisha unamuuliza mwenye shairi swali moja. Na usiandike 'nzuri sana' mu karatasi ya muntu. Mwenye kuandika vile, hakusoma kitu."

Alikuwa mtu wa hasira za karibu, na kahawa yake hakuna aliyeigusa. Lakini ufundi wote nilionao ulianzia kwake. Kusahihisha shairi, ninyi mnaoandika siku hizi kwenye simu, kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni ya fundi: unahesabu mizani, yaani silabi za kila mstari, unaangalia vina, zile sauti zinazofanana katikati na mwishoni, na unapima kama kila ubeti umebeba wazo lake. Sehemu hiyo mtu mwenye subira anaijua kwa msimu mmoja. Ya pili ni kutambua mahali mwandishi alipokwepa jambo, kisha kumuuliza bila kumjibia. Hiyo ilinichukua miaka.

Kutoka redioni nilihamishiwa maktaba ya parokia kule Runingu. Padri Msimamizi alitaka wakulima wa uwanda wapate mahali pa kuletea maandishi yao wakitoka shambani. Yeye ndiye aliyenifundisha duara. Watu wanakaa kwa mviringo, mwenye shairi halisomi mwenyewe. Analisoma mwingine, kwa sauti, bila kuliona kabla, na mwenyewe ananyamaza mpaka wote waseme. Ukisoma shairi lako unalisaidia kwa macho na mikono. Mgeni hana msaada wa kulipatia. Penye udhaifu ulimi wake unajikwaa, na kila mtu anasikia.

Nilimwambia Padri kwamba wakulima wataona haya. Akaniambia, "Mama, kuona haya ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni kurudi wiki inayofuata." Wengi hawakurudi, na sikuwalaumu. Waliorudi waliandika vizuri kuliko mimi.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa gerezani, mjini. Direkta wa gereza alinipokea akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya meza.

"Mama Mwalimu, karibu. Lakini tusikilizane. Kila karatasi yenye kutoka humu, miye naisoma kwanza. Siyo kwa ubaya. Ni kazi yangu."

Nilimwambia hata yangu ni hiyohiyo, kusoma. Akacheka, na tangu hapo tulielewana.

Mule ndani karatasi zilikuwa adimu, basi wafungwa wengi walitunga kichwani. Ubeti ulikaririwa asubuhi kwenye foleni ya maji na jioni kabla ya kufungiwa, na rafiki mmoja alipewa kazi ya kuushika ili usipotee. Shairi lilifika kwenye karatasi likiwa limekwisha kupita vinywa vya watu kadhaa. Kapita, mfungwa anayewasimamia wenzake, ndiye aliyetupangia duara chini ya ukuta wenye kivuli, na ndiye aliyefukuza wapiga kelele. Walikuja wezi wa kuku, walikuja waliokuwa bado hawajaitwa mahakamani, alikuja mzee mmoja mfugaji kutoka milima ya juu, Mzee Yeremia, aliyeimba tenzi za kanisa lake akishona viatu vya wenzake.

Nestori alijiunga baada ya kupata habari kwamba mama yake amefariki. Alikuwa mkulima wa mpunga wa Mutarule, amehukumiwa kwa kumpiga jirani yake, Meleki, kwa jembe, katika ugomvi wa maji ya mtaro. Mkono wa Meleki haukupona sawasawa. Mama alizikwa Nestori akiwa ndani, na sasa kilichobaki ni kuganduka, siku ambayo kwao msiba unamalizwa na familia inaruhusiwa kurudi katika shughuli na furaha zake. Nestori ni mzaliwa wa kwanza. Katika nyumba yao mzaliwa wa kwanza ndiye anayemsemea marehemu siku hiyo. Aliomba shairi lake lisomwe mahali pake.

Dada yake, Konsolata, alikuwa amekuja kumtembelea na kumwambia wazi: baba yao mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa wa nyumba, atayasikia hayo maneno kwanza. Akiona ni ya kujitetea, hayatasomwa. Na kama hayakusomwa, mdogo wa Nestori atasimama kama mzaliwa wa kwanza mbele ya majirani wote, na jina la Nestori halitatajwa. Meleki naye atakuwepo, kwa sababu ni jirani, na majirani hawakosi.

Shairi la kwanza la Nestori lilikuwa na vina visafi kabisa. Mizani haikupungua wala kuzidi. Lilimlilia mama, likalaumu jua lililokausha mtaro, likalaumu shetani, likarudi kwa mama. Ningekuwa bado mwalimu ningempa alama za juu. Nililipeleka kwenye duara, na Kapita akamnyooshea Mzee Yeremia karatasi.

Mzee alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika ubeti wa jua alisimama. Akaurudia. Akaishusha karatasi kwenye magoti.

"Mwanangu, humu kuna jua, kuna shetani, kuna mama," alisema. "Yule muntu ulimupiga, iko wapi?"

Nestori alivunja kanuni ya kunyamaza.

"Shairi iko ya mama yangu, Mzee! Haiko ya Meleki!"

"Nimeuliza tu," Mzee akasema, akamrudishia karatasi.

Nestori aliichana. Wiki iliyofuata hakuja, na ile nyingine hakuja. Sikumfuata, maana mtu anayefuatwa anaandika ili umwache. Lakini sitasema nilikuwa mtulivu. Siku ya kuganduka ilikuwa inakaribia, na kila nilipopita lango nilitafuta kichwa chake katika wale waliokaa kivulini. Niliogopa kwamba swali zuri limetupotezea mtu.

Nestori alirudi zikiwa zimebaki siku chache tu Konsolata aje mjini kuchukua shairi. Hakukaa kwenye duara. Alisimama mbele ya Mzee Yeremia, akamkariria shairi lote, jipya, na Mzee akafumba macho akisikiliza. Kisha niliandika akinitajia. Ubeti uliojibu swali la Mzee ulikuwa huu:

*Maji hayakunituma, si shetani, si mwenzangu,*
*Meleki aliinama, hakuona jembe langu,*
*Nikampiga kwa nyuma, kuume, kwa nguvu zangu,*
*Ninamlilia mama, na mkono si wa kwangu.*

Ilikuwa zamu yangu ya swali. Nilimuuliza, "Uko tayari Meleki ayasikie haya akiwa amekaa kati ya watu?"

"Siko tayari, Mama," akajibu. "Lakini peleka."

Direkta alisoma karatasi mara mbili. Akaniuliza kama huyu ndiye yule wa jembe, nikasema ndiye. Akagonga muhuri, akasema, "Huyu aliniandikia barua nyingi za kuomba huruma. Hakuna hata moja ilisema hivi."

Nilisafiri na Konsolata hadi Mutarule. Watu walikuwa wengi, bia ya ndizi imeandaliwa, wanawake wamevaa vitenge vya sare. Baba mdogo, mzee mrefu mwenye fimbo, alichukua karatasi akaenda nayo nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu. Konsolata alinishika kiganja mpaka pete yangu ikaniuma. Baba mdogo aliporudi hakumwita mdogo wa Nestori. Hakuniita mimi pia, ingawa nilikuwa nimekwisha kusafisha koo. Alikwenda moja kwa moja mpaka pale alipokaa Meleki.

"Weye umetajwa humu," alimwambia. "Soma weye. Ukiona haifae, achia hapo, na sisi tutaachia hapo."

Katika miaka yangu yote ya duara sikuwahi kuogopa msomaji kama siku ile. Meleki aliishika karatasi kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulibaki umelala kwenye paja. Alisoma beti za mama vizuri, kwa sauti ya mtu aliyewahi kusoma masomo kanisani, na akina mama wakaanza kufuta macho. Akafika ubeti wa jembe. Akausoma mpaka mstari wa tatu, akanyamaza. Niliona wanaume wawili wakisogea, labda kumpokea karatasi.

"Hapa kuna kosa," Meleki akasema.

Baba mdogo alishusha kichwa.

"Anasema kuume. Haikuwa kuume. Ilikuwa huu." Akautazama mkono uliolala. "Alinipiga, lakini hakuona hata ni mukono gani. Muambieni arekebishe."

Kisha akaendelea na mstari wa nne, na beti zote zilizobaki, hadi mwisho. Baba mdogo akamimina bia chini, akalitaja jina la marehemu, akalitaja la Nestori baada yake, na msiba ukamalizwa. Nililia wazi, mimi ambaye nilikuja kikazi.

Nilipompelekea Nestori habari, hakuuliza walilia au hawakulia. Aliomba kalamu. Akafuta *kuume*, akaandika *kushoto*. Mizani haikubadilika, nikamwambia, na nadhani hakunisikia.

Nilistaafu kabla kifungo chake hakijaisha. Watu huniuliza kazi hii inaleta nini, kwa maana wafungwa hawachapishwi na wakulima hawanunui vitabu. Najua tu kwamba mashairi mengi niliyoyasahihisha yalikuwa mabaya, mengine yalibaki mabaya, na kwamba watu walijifunza kuvumilia swali. Mimi pia.

Nestori alipotoka, alipitia kwangu kabla hajafika kwao. Alikuwa amekonda, amevaa shati la kuazima. Alikataa chai. Alisema amelikariri shairi lote na lile badiliko lake, akaomba nimsikilize mara moja, nimwambie kama bado kuna mahali pa kusahihisha.

"Mimi nimestaafu, mwanangu," nilimwambia. "Msahihishaji wako yuko Mutarule."

Mlangoni aliniuliza magari ya kwenda Mutarule siku hizi yanapakia wapi, nikamwonyesha.