Pikapu ya Marehemu Baba

Mchana alisuka nywele; Jumamosi jioni alipiga gitaa katika baa ambayo friji yake ilikuwa kubwa kuliko jukwaa. Watu wote walimwita Msusi. Gitaa lilikuwa la marehemu baba yake, na lilikuwa na ugonjwa mmoja tu: friji ikiwaka, lilinguruma. Mmmmm, kama mzee aliyeshiba akasinzia mbele ya wageni.

Mwenye baa alivumilia mpaka akachoka. "Msusi, wateja wanadhani jenereta linakata roho. Jumamosi likinguruma tena, nafasi yako nampa yule bwana wa kinanda."

Msusi akalipeleka kwa fundi redio. Fundi akasema mkosaji ni pikapu, zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba chini ya nyuzi, zinazosikia mtikisiko na kuupeleka kwenye spika.

"Hizi za zamani zinasikia kila kitu, mpaka umbea wa friji. Tutie mpya, zenye koili mbili mbili. Moja ikinguruma, mwenzake anaizima."

Kaka yake Msusi aliposikia, alikuja juu. Hakujua kupiga hata wimbo mmoja, lakini alikuwa amejipa cheo cha mlinzi wa urithi. Akampigia simu shangazi yao.

"Shangazi, huyu anataka kubadilisha pikapu ya baba!"

Sauti ya shangazi ikapasuka simuni. "Baba yenu alikuwa na pikapu? Na mimi nikahama nyumba kwa mkokoteni, godoro langu likigaragara barabarani watu wakitazama?"

Wakamweleza kwamba pikapu hii haibebi godoro. Hakuamini. "Mtanionyesha. Nataka niyaone matairi kwa macho yangu."

Saluni nako hakukuwa na nafuu. "Usiliguse, kitu orijino hakichezewi," alisema mteja mmoja, kope za kubandika zikipepea, huku Msusi akimshonea kichwani nywele za mtu asiyemjua. "Mimi na vitu bandia hatuivi kabisa."

"Inamisha kichwa, dada," Msusi akamjibu.

Alicheka, lakini moyo ulimuuma. Zamani, ngurumo ile ilipoanza, baba alikuwa akiinua kidole na kusema, "Subiri, linavuta pumzi." Ndipo anaanza. Msusi alijifunza kusubiri kabla ya kujifunza kupiga.

Hata hivyo, aliitaka nafasi yake jukwaani. Fundi akatia pikapu mpya. Za zamani Msusi akazilaza ndani ya kopo tupu la mafuta ya nywele, akalitia mkobani. "Usininunie, baba. Humo kunanukia vizuri kuliko sigara zako."

Jumamosi, kaka alikaa meza ya mbele, mikono kifuani, kama mtu anayesubiri mwenzake ateleze. Shangazi alikuwa kando yake, akichungulia mlangoni kila gari likipita.

Friji ikawaka. Gitaa kimya, safi kama glasi iliyosuuzwa.

Mkono wa Msusi ukabaki hewani, ukiisubiri pumzi ambayo haikuja. Na watu wakaendelea kupiga soga, maana miaka yote hiyo ngurumo ndiyo iliyowanyamazisha. Bila hiyo, nani angejua kwamba wimbo unaanza? Mwenye baa akamtupia jicho bwana wa kinanda. Bwana wa kinanda akaweka glasi chini.

Msusi akasogeza midomo kwenye maikrofoni, akaifumba.

"Mmmmm."

Mtu mmoja akacheka. Kisha meza moja ikanyamaza, na nyingine, mpaka ikabaki sauti ya friji tu.

"Subirini," akasema, kidole juu. "Linavuta pumzi."

Akapiga. Bwana wa kinanda akaichukua tena glasi yake.

Wimbo ulipokwisha, kaka alikuwa akijipangusa macho kwa kiganja. "Ngurumo ni feki, Shangazi," akanong'ona. "Lakini mdomo ule ni wa baba. Orijino."

"Mdomo nimeuona," shangazi akasema. "Pikapu iko wapi? Nina kabati la kuhamisha."

Msusi akateremka jukwaani, akafungua mkoba, akamwekea kopo mkononi.

"Hii hapa, Shangazi. Pakia."