Bwana Harusi wa Kozi ya Likizo

Katika kozi ya baleti ya likizo kubwa pale Kolwezi, mwanamume nilikuwa mimi. Si kwamba wavulana hawakualikwa. Siku ya kwanza walikuja kundi zima kwa sababu ya mkate wa saa nne, wakaula, wakaonyeshwa soksi ndefu za kubana ambazo wangevaa, na kesho yake hakuna aliyerudi. Madame akatupanga wasichana ukutani, akanitazama toka vidole vya miguu hadi utosini, safari isiyo fupi, maana watu wa baba yangu kule Musumba ni warefu kweli.

"Weye njo bwana harusi," akasema. Mambo yakaishia hapo.

Madame alikuwa mke wa injinia wa migodi. Mumewe alipopelekwa Ubelgiji kusomea mambo ya mawe, yeye alichoka kukaa ndani akitazama mvua, akajiandikisha kwenye shule ya dansi iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Alirudi na sanduku la kaseti na imani kwamba hakuna mtoto duniani asiyeweza kunyoosha mgongo. Kila kiangazi alikuwa akifungua ukumbi wa burudani wa wafanyakazi na kutufundisha asubuhi, juu ya saruji iliyokuwa baridi kama chuma. Viatu mama zetu walivishona kwa turubai la magunia ya unga. Sketi zetu zilikuwa za chandarua. Ukitutazama kwa mbali ungesema ni hospitali imeamua kucheza.

Dansi yetu kubwa ilikuwa ya harusi, Madame aliitunga mwenyewe. Bibi harusi wangu alikuwa msichana wa mtaa wetu, mdogo kama kifaranga na mwenye sauti ya jogoo. Baba yake alikuwa fundi wa umeme wa kampuni. Babu yake aliletwa zamani kutoka Kasai kuchimba shaba. Msichana mwenyewe Kasai hakuwahi kuiona hata kwa picha. Alicheza kuliko sisi sote, na alilijua hilo.

"Nishike vizuri!" alikuwa akinifokea tukiwa katikati ya muziki. "Weye mwanaume gani?"

Mwaka ninaousimulia, mambo yalikuwa yameharibika. Mgodi mmoja mkubwa ulikuwa umeporomoka, mashine nyingi zilikuwa zimesimama, na baba yangu, karani, alikwenda kazini kila siku kukaa mbele ya meza isiyo na kazi. Kisha redioni na kwenye mikutano wakaanza kusema kwamba taabu yote imeletwa na watu wa Kasai, na kwamba warudi kwao. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kutosalimiana. Usiku mmoja mawe yakapigwa juu ya bati la nyumba ya bibi harusi wangu. Asubuhi baba yake akafunga mlango, akabeba godoro kichwani, na familia nzima ikaenda kukaa stesheni pamoja na maelfu ya wengine, kungojea treni ya kuwapeleka mahali ambapo wengi wao hawakuwa na mtu wa kumfahamu.

Miezi ikapita, treni zilikuja kwa nadra. Likizo kubwa ikafika, na Madame akafungua ukumbi kama kawaida. Tulikuwa wachache, tumesimama mbalimbali kama meno ya mzee.

"Bibi yako eko wapi?" akaniuliza. Kwetu bibi ni mke.

"Eko ku gare, Madame."

"Gare haiko Ulaya. Enda umulete."

Nikaenda stesheni na mama yangu, aliyebeba bukari, ndiyo ugali wetu, na samaki ndani ya sufuria iliyofungwa kitambaa. Stesheni ilikuwa imegeuka mji. Watu walikuwa wamejenga vyumba kwa maturubai, milango ya kabati na mashuka, na moshi wa mkaa ulisimama juu ya reli. Tuliwakuta nyuma ya cherehani. Mama yangu akaweka sufuria chini, akaeleza. Mama mwenzake akamtazama kana kwamba anazungumza lugha ya ndege.

"Baleti? Sasa?"

Baba wa msichana alikuwa amekalia sanduku, akitengeneza redio ya mtu. Hakuinua kichwa. "Aende," akasema. "Hapa anaruka juu ya mizigo ya batu, kila siku mi njo naombaka musamaha."

Basi kazi yangu ikawa kwenda kumchukua kila asubuhi na kumrudisha mchana. Alipitia kwetu kwanza, akanawa miguu bombani, akanywa chai, akamkosoa mama yangu kuhusu sukari, kisha tukaondoka.

Njiani kulikuwa na kizuizi: mti uliolazwa barabarani na vijana waliojipa kazi ya kulinda mtaa. Mara ya kwanza tulikimbia, wakatuita. Mkubwa wao alikuwa na kofia ya chuma ya mgodini na rungu.

"Uyu mutoto ni wa nani?"

Nilijua jibu la kweli, na nilijua kwamba haliwezi kusemwa. Kinywa changu kikajisemea chenyewe: "Ni bibi yangu."

Halafu wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Ikabidi nieleze: Madame, dansi, harusi. Mwenye kofia akataka kuona. Tukaweka mfuko wa viatu chini, tukaanza pale pale kwenye vumbi, bila muziki. Mwenzangu hakuvumilia.

"Weye wa rungu," akamwambia, "piga mikono, tutachezaje bila ngoma?"

Naye akapiga makofi! Wote wakapiga. Toka siku hiyo tulipotokea walipaza sauti, "Bwana harusi anapita!" na kuinua mti. Mmoja tu hakucheka kamwe. Alikuwa amekaa pembeni akichonga fimbo, na asubuhi moja akasema bila kupandisha sauti, "Harusi inatosha. Aende kwabo."

"Kwetu ni pale," mwenzangu akamjibu, akinyoosha kidole kuelekea mtaa wetu.

Nilimvuta mkono karibu umng'oke. Tulikimbia mpaka ukumbini. Alipovaa viatu alininyooshea mguu nimfungie kamba, naye kwa mara ya kwanza hakunikosoa.

Lakini ndani ya ukumbi tulisahau. Nikisema tulikuwa na huzuni kutwa nzima nitakuwa nasema uongo. Tulicheka sana. Betri za redio ya kaseti zilipoisha nguvu tulizianika juani kama samaki, na zilipolegea katikati ya dansi, muziki ulipunguza mwendo, nasi tukapunguza pamoja nao, hadi harusi ikafanana na matanga. Siku ya kwanza ya kumwinua bibi harusi nilimwinua vizuri, ila sikuwa nimefundishwa kumshusha. Nilizunguka naye hewani nikilia, "Madame, nimweke wapi?"

Maonyesho yalikuwa yamepangwa Jumapili. Ijumaa habari zikaenea kwamba treni imeingia. Nilikimbia na mama yangu. Jukwaa la stesheni lilikuwa limejaa mpaka huwezi kuona ardhi. Watu waliingia madirishani, sufuria zikitangulia, watoto wakifuata. Nilimwona akiwa tayari ndani, amebanwa dirishani kati ya godoro na kichwa cha bibi kizee, na mdogo wake mchanga mgongoni. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti. Yeye alikuwa na hasira.

"Nani atacheza pahali yangu?"

"Sijui!"

"Mukono wa kushoto!" akapiga kelele, kwani mabehewa yalikuwa yameanza kusukumana. "Mwambie aanze na mukono wa kushoto! Na weye usiangalie chini, unaangaliaka chini kama mutu aliangusha kitu!"

Aliendelea kunirekebisha mpaka sikuweza tena kumsikia, ila niliona mdomo wake ukienda.

Jumapili wazazi walijaa ukumbini, umeme haukuwapo, milango ikaachwa wazi ili tupate mwanga. Hakukuwa na bibi harusi. Madame akaingia chumba cha nyuma akatoka amevaa lesi ya harusi iliyoletwa na mfanyabiashara mmoja kutoka Dilolo. Alikuwa mwanamke mnene mwenye watoto wakubwa.

"Madame," nikanong'ona, "sitaweza kukuinua."

"Nani amekuomba?"

Akaanza na mkono wa kushoto. Nilikuwa nimemwambia, naye akatii. Alicheza kwa wepesi ambao sikuutegemea, akanizungusha, na ilipofika mahali pa kuinua, akakunja magoti kidogo, akanishika kiunoni, na bwana harusi akapaa. Miguu yangu mirefu ikaning'inia mbele ya watu wote. Ukumbi ulilipuka. Wamama walipiga vigelegele, baba yangu, ambaye hakuwa amecheka tangu msimu wa mvua, alijifuta macho kwa tai. Kisha Madame akanishusha taratibu, akaenda nyuma ya pazia, na hakutoka kupokea maua. Nilimkuta ameegemea ukuta, kitambaa usoni. Nikasimama naye.

Ile ndiyo kozi ya mwisho. Mwaka uliofuata yeye na mumewe walihamia Zambia, ukumbi ukawa ghala la mahindi. Mimi nikawa muuguzi.

Mwenzangu alirudi Kolwezi tukiwa wanawake wazima, kuuza vitenge, kama wengi waliorudi. Alinipata hospitalini kwa kuulizauliza. Tulikula pamoja, akanisimulia treni: siku nyingi za kusimama porini bila maji, na mdogo wake yule wa mgongoni aliyezikwa kando ya reli kabla hawajafika. Alisimulia haraka, kisha akaomba nimpeleke aione nyumba yao.

Aliyekuwa akiishi pale ni mama mmoja kijana. Alitukaribisha, akatuletea maji. Mwenzangu alikunywa akiwa amesimama, akitazama huku na huku.

"Mama," akauliza, "mulango ya jikoni, wakati ya mvula, ingali inakwamaka?"

"Inakwamaka!" yule mama akasema. "Hata fundi ameshindwa. Ulijuaje?"

"Baba yangu njo aliiwekaka," akajibu, na akaenda kuushika.