Hilkka hagusi kahawa siku ya mechi

Saa mbili na robo asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya ligi, Hilkka Tanskanen anazima redio, anafunga mlango wa chumba chake kilicho chini ya jukwaa la mashabiki na kuchukua jozi ya kwanza ya viatu vya kutelezea barafuni. Ni ya golikipa. Hakuna kiatu kingine kitakachoguswa kabla ya hiyo.

Jiwe la mviringo la mashine ya kunolea linaanza kuzunguka na cheche zinaruka hadi kwenye aproni yake ya ngozi. Anapitisha chuma cha chini ya kiatu mara nne, taratibu, kisha anazima mashine na kulaza sarafu ya euro mbili juu ya makali yake mawili. Anafumba jicho moja. Sarafu imelala sawa. Halafu anakwangua ukucha wa kidole gumba kwenye kila upande wa chuma, na unga mweupe wa ukucha unabaki pale.

"Huu ukucha umefanya kazi miaka thelathini na mmoja," anasema bila kuinua macho. "Mume wangu anasema nikifa kidole kipelekwe makumbusho, mwili mwingine wote uzikwe tu."

Hilkka ana umri wa miaka 59. Ndiye mnoaji wa viatu wa Saukot, timu ya magongo ya barafuni ya mji wa Kivijoki. Kila siku ya mechi hunoa jozi ishirini na mbili. Mshahara wake ni euro 2,350 kwa mwezi kabla ya kodi, pamoja na tiketi mbili za bure ambazo huwapa dada zake, kwani yeye hukaa nyuma ya benchi la wachezaji akiwa na jiwe dogo la mkononi mfukoni.

Wiki tatu zilizopita, timu tano zilikuwa zikigombea nafasi moja iliyobaki ya kuingia mtoano, zikitenganishwa na pointi nne tu. Kila wiki mojawapo ikadondoka. Sasa zimebaki mbili, Saukot na Rautasaari, kila moja ina pointi 74, na ratiba imezikutanisha leo hapa hapa Kivijoki. Atakayeshinda anaendelea. Atakayefungwa anaanza likizo ya kiangazi theluji ikiwa bado magotini.

Mlango unagongwa. Ni Jasper Ollila, mshambuliaji wa pembeni, ana kikombe mkononi na meno yote nje.

"Shangazi, nimekuletea kahawa. Ya moto, ya maziwa."

"Toa huo uchuro hapa!"

"Tone moja tu, shangazi. Nani atajua?"

"Jasper, nitakunolea kiatu kiwe butu kama kisu cha siagi, uanguke mbele ya mama mkwe wako. Si anakuja leo?"

"Anakuja," anasema Jasper, na kicheko kinamkauka. Anaondoka na kikombe chake, na kutoka korido kunasikika wenzake wakimzomea.

Utani huo hurudiwa kila siku ya mechi, na kila mtu klabuni anajua chanzo chake. Mtu wa Kivijoki hunywa vikombe vitano kwa siku na bado husema hajanywa kitu. Hilkka siku ya mechi hagusi hata kimoja, na amefanya hivyo kwa miaka saba.

Chuma cha chini ya kiatu kina kijimfereji katikati, na hicho ndicho jiwe linachokichonga. Kikiwa na kina kirefu, makali hung'ata barafu, na ndivyo wanavyotaka washambuliaji wanaokata kona kwa kasi. Golikipa wa Saukot wa miaka saba iliyopita, Oskari Hyttinen, alitaka kifupi kabisa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusukuma mguu na kuteleza kutoka mlingoti mmoja wa goli hadi mwingine.

Siku Hilkka alipokunywa kahawa ya mwisho kabla ya mechi pia ilikuwa ya mwisho ya ligi, na pointi moja tu ingetosha. Hilkka alikuwa amenoa jozi kumi na moja za washambuliaji, akaenda kunywa kahawa na mikate ya mdalasini, akarudi akiwa na furaha, akachukua viatu vya Oskari na kuviweka kwenye mashine. Hakubadilisha kipimo cha jiwe.

"Ukucha uliniambia ni vikali," anasema. "Ukucha hausemi kina. Sarafu nayo ilikaa sawa. Nikavitundika."

Dakika ya hamsini na nane, pasi ilikatiza mbele ya goli. Oskari alisukuma mguu, chuma kikang'ata, akabaki pale pale amepiga magoti huku nusu ya goli ikiwa wazi. Saukot walifungwa kwa bao hilo moja na mtoano ukawapita. Mbele ya waandishi Oskari alisema ameteleza vibaya, kosa ni lake. Msimu ule mkataba wake haukuongezwa, na hakuna timu nyingine iliyompigia simu.

Hilkka alikagua mashine asubuhi iliyofuata na kuona kipimo. Alienda hadi nyumbani kwa Oskari kwa miguu.

"Akaniambia, ‘Nilijua tangu hatua ya kwanza nilipoingia barafuni,’" anasimulia. "Nikamuuliza, mbona hukurudi ukaniambia? Akasema, kocha alikuwa amesimama pale. Angekufukuza."

Anachukua kitambaa na kufuta chuma ambacho tayari ni kisafi. Mwandishi huyu amezunguka viwanja vya barafu kwa miaka ishirini, amewaona mabingwa wakilia na wenye klabu wakitukanana, lakini hajapata kusikia jambo kama hili.

Miaka mitatu iliyopita klabu ilimrudisha Oskari kuwa kocha wa makipa. Wawili hao hawajawahi kulizungumza tena. Oskari hufundisha akiwa na buti za kawaida, amesimama kando ya uzio, na watu hudhani ni goti linalomsumbua.

Saa tisa alasiri mechi inaanza. Ukumbi una viti 4,100 na hakuna hata kimoja kilicho wazi. Rautasaari wanafunga mawili haraka, Saukot wanarudisha yote mawili, na kuanzia hapo hakuna aliyekaa. Dada zake Hilkka wameshikana mikono kama wanavuka mto.

Zikiwa zimebaki dakika nne, golikipa Eetu Karvonen anaokoa shuti na mguu wake unagonga mlingoti wa chuma. Filimbi inalia. Eetu anakuja benchi akiwa amekunja uso.

"Shangazi, kiatu cha kushoto kimekufa. Hakishiki."

"Leta."

Oskari anauinua mguu wa kijana na kuuegemeza kwenye uzio. Hilkka anainama. Makali ya ndani yamepinda, kipande cha urefu wa punje ya mchele. Mwamuzi anapiga kelele kwamba muda wa kusubiri umekwisha. Kocha mkuu anapiga kelele zaidi.

"Hilkka, mwache aende!"

"Nyamaza," anasema Hilkka kwa kocha mkuu, na kocha mkuu ananyamaza.

Anapitisha jiwe mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Anageuza kichwa kuangalia kijimfereji kwa usawa wa jicho. Anakwangua ukucha. Hatosheki, anapitisha mara ya nne, nyepesi kama anafuta vumbi.

"Nenda."

Dakika sitini zinaisha kwa 2–2. Sasa ni muda wa nyongeza, bao la kwanza linamaliza kila kitu. Dakika ya tatu, mchezaji wa Rautasaari anakimbia na kisahani cheusi, ndio mpira wa mchezo huu, upande wa kulia, Eetu anamfuata, na pasi inakatiza mbele ya goli hadi kushoto ambako kuna mtu peke yake. Ni pasi ile ile. Wazee ukumbini wanaijua, na sauti inayowatoka ni ya watu wanaoona ajali kabla haijatokea.

Eetu anasukuma mguu. Kiatu kinateleza. Mwili mzima unavuka goli, chini kabisa, na shuti linagonga goti lake na kuruka pembeni. Katika miaka yangu yote sijaona mtu akisafiri umbali ule kwa kusukuma mara moja, na nina hakika wengi waliokuwepo watawasimulia wajukuu. Kisahani kinamfikia Jasper, anakimbia nacho peke yake uwanja mzima, na mbele ya mama mkwe wake anafunga.

Hilkka hakuliona bao. Alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili, na jiwe bado lilikuwa katikati ya vidole.

Nusu saa baadaye, ukumbi ukiendelea kutikisika juu ya dari yake, yuko chumbani anapanga viatu, redio imewashwa tena. Mtoano unaanza Jumatano. Anasema ana mpango mmoja tu: anoe mtoano huu hadi mwisho wake, popote utakapofika, kisha amfundishe mtu mwingine na kumkabidhi mashine kiangazi.

"Ila nitamfundisha anoe kwanza vya golikipa, halafu vya wengine. Na kahawa jioni."

Oskari anaingia na chupa ya kahawa na mfuko wa plastiki. Anamimina kikombe, anakiweka mezani, kisha anatoa kwenye mfuko jozi ya viatu vya golikipa, ngozi imekauka, kamba zimekuwa za kijivu. Hilkka anakigeuza kimoja juu chini na kutazama kijimfereji. Kina kirefu, cha mshambuliaji.

"Hukuvipeleka kwa mtu?"

"Nani mwingine angevigusa?" anasema Oskari. "Jumatatu nataka nisimame golini na Eetu, nimfundishe nikiwa barafuni. Siwezi kwenda na buti."

Hilkka anatazama kahawa, ya kwanza tangu jana, inatoa mvuke. Anaisogeza hadi mwisho wa meza, mbali na mkono wake. Anazima redio. Anainama kwenye mashine, anasoma kipimo cha jiwe kwa sauti, anakibadilisha, anakisoma tena.

Oskari anafunga mlango na kukaa kusubiri.