Harufu ya Ulanzi

Mwalimu wangu wa kusoma picha za CT za kichwa alikuwa daktari wa kike, mkali, na nilimpenda hivyo hivyo. Sisi wanafunzi wageni tulikimbilia kutafuta ugonjwa; yeye alituzuia. Anza na mstari wa katikati, alisema, uone kama umenyooka. Kisha linganisha kushoto na kulia. Damu mbichi huonekana nyeupe. Kiharusi kilichoanza leo asubuhi huenda kisionekane kabisa, kwa hiyo picha safi isikufanye umwambie mtu kuwa ni mzima.

Mtihani wangu ulikuja msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Mchana mmoja aliletwa mwanamume kutoka Bombambili, mkewe akiwa pembeni. Alikuwa ameanguka na baiskeli, akainuka, akajikung'uta, akaokota dumu lililopasuka. Muda si mrefu akalala fofofo. Alinuka ulanzi kuanzia kola hadi viatu. Kwetu mlevi haamshwi, anafunikwa. Hata pale mapokezi walitaka alazwe kando mpaka pombe imtoke.

"Huyu hanywi, dokta," mkewe akaniambia. "Anauza tu. Ulanzi umemmwagikia."

Wenzangu walicheka, wakisema kila mke husema hivyo. Mimi hasira zangu ziko karibu, na kicheko kile kilinichoma. Nikamuuliza mama yule kama mumewe alitapika. Akasema njia nzima. Nikasukuma kitanda mwenyewe hadi kwenye mashine.

Picha ilipotokea, mwalimu alikunja mikono, akakataa kunisaidia. Nikaanza na mstari wa katikati. Ulikuwa umesukumwa kulia. Nikalinganisha pande: kushoto, chini ya fuvu, palikuwa na weupe uliotuna wenye umbo la punje ya haragwe. Nikasema hii ni damu mbichi kati ya fuvu na utando wa ubongo, inaukandamiza ubongo, na asipopasuliwa sasa atakufa. Mwalimu aliitazama picha, akanitazama na mimi.

"Wapigie simu wewe," akasema.

Nikawapigia wapasuaji. Nilijiona mrefu kuliko mlango, na sioni aibu kusema hivyo. Kabla jua halijazama walishamtoboa fuvu na kuitoa damu ile.

Siku alipozinduka nilikuwa wodini. Swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu dumu. Mkewe alimfuta mdomo kwa ncha ya khanga, polepole.

"Ulanzi umemwagika wote, baba," alimwambia. "Umebaki wewe."